Maabara Ndani ya Simu: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Fizikia Pipeline

Nafundisha fizikia jioni na wikendi hapa Pipeline, Embakasi Kusini, Nairobi, katika chumba cha kukodi ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa ploti ya pili. Wanafunzi ni wa sekondari, na wengi wao shuleni hugawana amita moja kikundi kizima. Ndiyo maana tumezitegemea sana programu za uigaji zilizotoka vyuo vikuu, hasa za mradi wa PhET. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Haya ndiyo yaliyonikaa.

1. Anza na anachoamini mwanafunzi

Chukua betri moja na balbu mbili zinazofanana, moja baada ya nyingine kwenye waya uleule. Uliza ipi itawaka zaidi. Wengi watakujibu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayofikiwa mapema na mkondo. Msichana mmoja aliniambia: “Mwalimu, si ni kama maji ya ploti? Wa chini wakifungua mfereji, sisi wa juu hatupati kitu.”

Hoja yake ilikuwa na mizizi. Anapanda ngazi na mtungi, analijua jambo hilo kwa mabega yake. Ningemwambia tu kwamba mkondo ni sawa kila mahali, angeliandika daftarini na kuendelea kuamini maji ya ploti.

Tukafungua programu ya sakiti kwenye simu. Akaburuta betri, waya na balbu kwa kidole, akafunga sakiti. Ndani ya waya programu huchora elektroni kama viduara vya buluu vinavyotembea. Akavifuata kwa macho: vikapita balbu ya kwanza, vikapita ya pili kwa mwendo uleule, vikarudi kwenye betri. Mwanga ulikuwa sawa. Akaweka amita kabla ya balbu, katikati, na mwisho, usomaji haukubadilika. Alikaa kidogo, kisha akauliza: “Sasa kama mkondo hauishi njiani, tokeni za stima zinaisha na nini?”

Swali hilo lilitupa kipindi kizima. Elektroni hazitumiki zikaisha. Kinachotolewa ni nishati, na ndiyo tunayolipia kwa kilowati-saa tunaponunua tokeni. Nina hakika asingefika hapo kwa maabara ya kawaida peke yake, maana waya halisi hauonyeshi kilicho ndani yake.

2. Simu kwanza, waya baadaye

Wazazi huniuliza kama huu si mchezo. Huwajibu kwa utafiti wa Noah Finkelstein na wenzake wa Colorado, uliochapishwa mwaka 2005. Walilinganisha wanafunzi wa chuo waliojifunza sakiti kwa programu na wenzao waliotumia vifaa halisi. Waliotumia programu walifanya vizuri zaidi katika maswali ya uelewa, na hata walipopewa waya na balbu za kweli waliziunganisha na kuzieleza vizuri kuliko wenzao.

Hata hivyo, kwenye skrini waya haulegei wala betri haichakai usipotaka. Karatasi ya tatu ya fizikia katika mtihani wa KCSE hufanywa kwa mikono, na mtahiniwa anapaswa kujua la kufanya sindano ya amita isipoanzia sifuri. Kwa hiyo tukishaelewa kwenye simu, tunahamia kwenye betri za tochi na waya.

3. Programu iyajue maisha ya anayeitumia

Programu za PhET za sasa unaweza kuzipakua kila moja kama faili moja, ukaifungua kwenye kivinjari bila intaneti. Hapa Pipeline hilo ndilo la kwanza kuuliza. Simu ni ya mama, hurudi naye jioni, na bando ni la kazi. Zile za zamani zilizotegemea Flash zilipoteza msingi wake Desemba 2020, Adobe ilipoacha kuihudumia. Ukiletewa programu nzuri, uliza pia nani ataitunza.

4. Watafiti wapande matatu

Mfano ninaoupenda zaidi wa teknolojia ya vyuo kuyafuata maisha ya watu umetoka papa hapa Nairobi. Mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizunguka na matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakinakili njia na vituo. Mradi huo, Digital Matatus, uliunganisha chuo hicho, MIT, Chuo Kikuu cha Columbia na kampuni ya Groupshot. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130, na data yake wakaiacha wazi kwa yeyote. Mwaka 2015 njia hizo zikaingia Google Maps.

Kilichonigusa ni mpangilio waliotumia kuhifadhi data hiyo. Uliundwa kwa miji yenye mabasi ya ratiba, na matatu haina ratiba. Husubiri ijae, na kituo huzaliwa pale abiria wanapozoea kushukia. Walilazimika kuurekebisha ulingane na mji. Mimi huwaagiza wanafunzi wangu wapime wenyewe mwendo wa matatu kwenye barabara ya Outer Ring, asubuhi na jioni, wachore grafu ya umbali na muda. Mstari ukilala, wanajua ni foleni, na wanaweza kukwambia ni mahali gani.

5. Nyamaza utazame

Watengenezaji wa PhET humketisha mwanafunzi mbele ya programu mpya, wakamwomba aseme anachofikiri huku akiitumia. Akikwama, wanairekebisha programu. Nimeuiga utaratibu huo darasani, na unahitaji subira kubwa, kwa sababu kidole cha mwalimu huwasha kuonyesha.

Ningependa vijana wa kompyuta wa vyuo vyetu waje wafanye hivyo hapa. Watuundie programu ya maji ya ploti: tangi, pampu, ghorofa nane, mifereji iliyofunguliwa chini na juu, shinikizo likisomeka kila sakafu. Shinikizo la maji limo katika silabasi, na wanafunzi wa kuijaribu wapo. Waje jioni, baada ya saa kumi na moja, simu zikiwa zimeanza kurudi nyumbani.