Mchango wa Valvu na Hela ya Vidonge

Ndugu wanachama, karibu kila mwaka hapa kwetu karatasi ya mchango inazunguka: kuna ndugu nyumbani anatakiwa kubadilishwa valvu ya moyo. Tunajitahidi, hela inapatikana, tunapongezana. Mimi nasoma uhandisi wa mitambo, siyo udaktari, ila kuna jambo tunalofundishwa kwenye fani yangu ambalo nimeliona tena kwa mama yangu mdogo: bei ya kununua mtambo ni kitu kimoja, gharama ya kuuendesha ni kitu kingine kabisa. Sisi tunachangia ile ya kwanza tu.

Tuanze na valvu yenyewe. Wengi wa kwetu wanaoharibikiwa valvu wakiwa bado vijana, tatizo lilianzia kwenye maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Mwili ukipambana na vijidudu vile unaishia kushambulia valvu zake wenyewe. Zamani wagonjwa wengi wa Tanzania walikuwa wanapelekwa India. Tangu 2015 kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na upasuaji huu unafanyika hapo.

Valvu za bandia ni za aina mbili. Ile ya tishu za mnyama kwa kawaida haihitaji dawa ya damu maisha yote, ila kwa kijana inachakaa mapema na upasuaji unarudiwa. Ile ya mekaniki, ya kaboni ngumu, inaweza kudumu kuliko mwenyewe. Kwa mhandisi ni kazi nzuri mno, maana inafunguka na kufunga kama mara laki moja kwa siku. Lakini damu ikigusa kitu kigeni inataka kuganda, kwa hiyo mwenye valvu hii anameza warfarini kila siku mpaka mwisho wa maisha.

Sasa hela inaingia wapi? Kidonge chenyewe siyo ghali sana. Kinachokula hela ni kupima kama dawa inatosha, kipimo kinachoitwa INR. Mtu asiyetumia dawa anasoma kama 1. Mwenye valvu ya mekaniki upande wa mitral kwa kawaida anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Akishuka, donge la damu linaweza kukwamisha valvu au kupanda kichwani na kuleta kiharusi. Akizidi sana, anavuja damu. Na kipimo hiki hakipatikani kila zahanati. Mama mdogo anaishi kijijini. Kwenda kupima ni basi la alfajiri, chakula cha njiani, siku ya shamba imepotea, na mara nyingine kulala kwa watu.

Ubaya wake ni kwamba ukiacha warfarini husikii chochote. Ukiacha kidonge cha kutoa maji, miguu inavimba na usiku hulali. Hela ikiwa kidogo, mtu ananunua ile dawa anayoisikia mwilini. Ndivyo alivyofanya. Kwanza aliruka vipimo miezi minne, halafu akawa anameza warfarini siku moja, anaacha siku moja, ili pakiti ifike mwezi unaofuata. Hakutuambia. Alijua tumeshachanga sana, akaona haya kuomba tena. Mwaka 2022 aliamka asubuhi mkono wa kulia haunyanyuki na maneno hayatoki. Maneno yamerudi kiasi, mkono bado. Mweka hazina wa ule mchango nilikuwa mimi, na daftari nililifunga siku alipotoka kwenye upasuaji.

Hata sahani inafuata mfuko. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K nyingi, nayo inapunguza nguvu ya warfarini. Mgonjwa haambiwi aache mboga, anaambiwa ale kiasi kilekile siku zote. Jamani, nani kwetu anakula kilekile mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi? Na akiumwa mgongo, duka la dawa litampa diklofenaki, ambayo ikikutana na warfarini inaongeza hatari ya kuvuja damu.

Msidhani dawa ya bure peke yake inamaliza kazi. Hapa Marekani utafiti uitwao MI FREEE, uliochapishwa 2011, uliwaondolea malipo ya dawa watu wenye bima waliopata mshtuko wa moyo. Umezaji wa dawa ulipanda kwa pointi za asilimia 4 hadi 6 tu, ingawa hela iliyowatoka mfukoni ilipungua. Nauli na siku ya kazi havimo kwenye bei ya kidonge.

Wengine wameshauri tutume kile kimashine cha kupimia tone la damu nyumbani. Nami nilikitamani, wahandisi ndivyo tulivyo. Lakini kinachokula hela pale ni vijikaratasi vyake, vina tarehe ya kuisha, na vikiisha kijijini utavipata wapi?

Familia yetu sasa inafanya hivi: watu sita, kila mmoja ana miezi miwili kwa mwaka. Mwenye zamu anatuma kwa simu hela ya vidonge, kipimo na nauli ya watu wawili, maana peke yake hawezi tena kusafiri, halafu anaomba namba ya INR. Namba isipokuja, anapiga simu. Mwezi uliopita ilikuwa 2.8.

Ndugu zetu wa uuguzi na famasia, kama kuna nilipokosea, nisahihisheni toleo lijalo.