SOMO LA USHIRIKISHWAJI: Mcheza Ngoma Aulizwe Kabla ya Ukuta Kusimama

Ukarabati wa uwanja wa wazi au ukumbi wa kata huanza na mchoro. Mchoro huonyesha jukwaa, uzio, vyoo na taa, lakini hauonyeshi namna wananchi wanavyolitumia eneo hilo tangu asubuhi hadi usiku. Elimu hiyo wanayo watumiaji wenyewe.

Mfano ni mdundiko, ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na Pwani. Mdundiko hauchezwi mahali pamoja. Husafiri mtaa kwa mtaa, umati ukiufuata, hasa mwali anapotolewa. Uwanja wenye uzio, lango moja jembamba na jukwaa la kudumu waweza kupendeza machoni, ilhali umeifungia nje ngoma hiyo. Mpiga ngoma akiulizwa mapema, lango la pili huongezwa kwa kalamu. Asipoulizwa, ukuta hubomolewa kwa fedha za umma, au ngoma huishia barabarani katikati ya magari, pamoja na watoto wanaoifuata.

Kijiji cha Makumbusho kilichopo Kijitonyama, Manispaa ya Kinondoni, kinatoa funzo linalofanana na hilo. Kilifunguliwa mwaka 1967 kikiwa na nyumba za asili za makabila mbalimbali. Katika miaka ya 1990 kilianzisha siku za utamaduni, ambapo jamii hualikwa kuonyesha yenyewe ngoma, vyakula na ufundi wake. Hivyo wenye utamaduni wakawa waandaaji, si watazamaji wa nyumba zao.

Ushirikishwaji huo si hisani. Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1977 inaeleza kuwa madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na kuwashirikisha katika mipango ya maendeleo ya sehemu zao.

Eneo la utamaduni linapotarajiwa kukarabatiwa, mambo manne yazingatiwe:

1. Mchoro uletwe katika mkutano wa mtaa kabla ya kupitishwa, siyo baada ya mkandarasi kupatikana.

2. Msanifu atembee uwanjani pamoja na watumiaji, asubuhi, jioni na siku ya shughuli.

3. Wasiofika mkutanoni wafuatwe walipo: mama lishe, vijana wa vikundi vya sanaa, wazee na watu wenye ulemavu.

4. Mrejesho utolewe: maoni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa sababu gani.

Mkazi mwenye maoni ayafikishe kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Afisa Mtendaji wa Kata, ambaye ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ili yajadiliwe mapema. Kualikwa kupiga makofi siku ya uzinduzi si kushirikishwa.