Aliyechelewa Kujiunga na Timu: Je, Ni Haki Kumpokea?

Somo kwa vijana, wazazi na walimu
Fungu la kusoma kwanza: Mathayo 20:1–16



Wazee wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Moja yasema, "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Nyingine yasema, "Kawia ufike." Katika shule zetu za sekondari methali hizi hukutana kila mwaka katika kiwanja cha mpira. Timu imeanza mazoezi tangu Januari. Vijana wamekimbia alfajiri, wamefyeka nyasi, wamepiga mistari ya chokaa na kushona nyavu. Kisha, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mashindano, anatokea kijana ambaye hakuwapo. Anajua mpira kweli kweli. Mwalimu wa michezo anampa jezi, na jioni hiyo kijana mwingine anarudi bwenini mikono mitupu.

Kwa watu wazima jambo hili huonekana dogo. Kwa kijana si dogo. Mashindano ya UMISSETA huanzia shuleni yakapanda hadi taifa, na asiyepata nafasi katika timu ya shule yake ni vigumu aonekane huko juu. Tena, ni hapo kiwanjani ambapo wengi hujifunza kwa mara ya kwanza kama wakubwa wao hutenda haki au hupendelea. Basi yafaa tulichunguze jambo hili kwa utaratibu.

1. Shamba la mizabibu

Mkristo akiulizwa habari ya waliochelewa, mara moja hukumbuka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Sisi tusomao Kiswahili tunao urahisi mmoja hapa, kwa maana saa za mfano huo ni saa zetu wenyewe: saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Hatuna haja ya kuhesabu upya. Kila mkulima ajua saa kumi na moja ya jioni ni wakati gani: jua limepoa, na watu wanakusanya majembe. Hata hivyo walioajiriwa saa hiyo walilipwa dinari moja, sawa na waliovumilia joto la mchana kutwa.

Wengi husimama hapo na kusema, "Basi, mwalimu ana haki ya kumpanga amtakaye." Tusiharakishe. Tutazame mambo mawili yaliyomo katika mfano.

Kwanza, mwenye shamba alitoa fedha yake mwenyewe. Pili, wale wa kwanza hawakupunguziwa kitu. Walipatana dinari, wakapewa dinari. Kama mwenye shamba angaliwanyang'anya wa asubuhi ili awape wa jioni, mfano huo ungalikuwa habari ya dhuluma.

Sasa katika timu ya mpira wanaoingia uwanjani ni 11 tu. Nafasi haziongezeki kama dinari za tajiri. Anayepewa namba kumi leo huichukua kutoka kwa aliyekuwa nayo jana. Kwa hiyo mwalimu anayempa jezi mgeni hatoi mali yake. Mara nyingi anatoa mali ya kijana mwingine. Hilo ndilo fundisho la kwanza la somo hili: ukarimu hufanywa kwa mali yako, si kwa mali ya jirani.

2. Kwa nini amechelewa?

Mwenye shamba aliwauliza wale wa saa kumi na moja sababu ya kusimama bila kazi, nao wakajibu kwamba hawakuajiriwa na mtu. Aliuliza kwanza. Sisi nasi tuulize, kwa maana waliochelewa si wa namna moja.

Yupo aliyechelewa kwa kalenda. Hapa Tanzania kidato cha kwanza huanza Januari, lakini kidato cha tano huanza Julai. Shule ikisema kwamba timu ni ya waliokuwapo tangu Januari tu, itakuwa imewafungia mlango wa mwaka mzima vijana ambao hawakuwa na njia ya kufika mapema.

Yupo aliyechelewa kwa shida: aliugua, au alikuwa akimwuguza mzazi, au alibaki nyumbani wakati wa mavuno kwa sababu hapakuwa na mikono mingine. Huyu naye hakukaa bure.

Yupo aliyejua siku ya mazoezi, akaona jua ni kali, akangoja mpaka mechi zikaribie. Na yupo aliyeacha timu mwaka uliopita kwa hasira, sasa anataka kurudi.

Mwisho yupo yule ambaye watu humwita mamluki. Si mwanafunzi wa shule hiyo kwa kweli. Ameletwa kwa ajili ya kombe, na kombe likipita naye hupita. Huyu tusimhesabu pamoja na waliochelewa. Kumwandika ni udanganyifu, na wanafunzi wote wanaojua siri hiyo hufundishwa kwamba uongo wa mkubwa ni halali.

Kuwatendea wote hawa sawasawa bila kuuliza si haki. Ni uvivu wa kufikiri.

3. Mifano mitatu ya mpira wa dunia

Historia ya mpira ina mifano ambayo vijana wengi wamesikia. Tuitazame mitatu.

Mwaka 1992 Denmark haikufuzu kwenda katika mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Sweden. Katika kundi lake ilikuwa ya pili nyuma ya Yugoslavia. Lakini Yugoslavia iliondolewa kwa sababu ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa wakati wa vita, na Denmark ikaitwa kabla wiki mbili hazijatimia kufikia ufunguzi. Timu hiyo iliyoitwa mwishoni iliishinda Ujerumani 2–0 katika fainali na kutwaa kombe. Je, Denmark ilimdhulumu nani? Iliingia mahali palipokuwa wazi. Ugomvi wa Yugoslavia haukuwa na Denmark.

Mwaka 1990 Roger Milla wa Cameroon alikuwa na umri wa miaka 38, naye alikuwa amekwisha kuiaga timu ya taifa. Rais Paul Biya alitaka arudi, akaenda Kombe la Dunia huko Italia. Alifunga mabao manne, na Cameroon ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Lakini wengi husahau jambo moja: Milla hakuanza mechi hata moja. Mara zote aliingia kutoka benchi. Waliotangulia walianza, naye akawasaidia walipochoka.

Mwaka 1982 Paolo Rossi wa Italia alikuwa amefungiwa miaka miwili katika kashfa ya kupanga matokeo, ingawa mwenyewe alikana kosa hilo. Alirudi mwishoni mwa msimu na kucheza mechi tatu tu za ligi. Kocha Enzo Bearzot akamchukua kwenda Kombe la Dunia huko Hispania, na Roberto Pruzzo, aliyeongoza kwa mabao katika ligi ya Italia msimu ule na ule uliotangulia, akaachwa. Rossi hakufunga katika mechi nne za kwanza. Kisha akafunga matatu dhidi ya Brazil, mawili dhidi ya Poland na moja katika fainali. Italia ikawa bingwa.

Watu husema kombe lilithibitisha kwamba Bearzot alitenda haki. Sivyo. Kombe lilithibitisha kwamba alijua mpira. Kama Rossi asingalifunga, Pruzzo angalikuwa na haki ile ile, si zaidi wala pungufu. Tusiwafundishe watoto wetu kwamba ushindi husafisha kila uamuzi. Timu ya taifa huenda ikatafuta ushindi kwanza. Timu ya shule imewekwa ili kulea.

4. Mlango hufungwa kwa faida gani?

Wengine husema, "Kama Mungu hafungi mlango, sisi tunaufungaje?" Swali ni jema. Lakini mlango wa usajili na mlango wa rehema si mlango mmoja.

Wapenzi wa mpira wanajua habari za dirisha kubwa na dirisha dogo. Tangu msimu wa 2002/2003 FIFA imetaka wachezaji wasajiliwe katika vipindi viwili maalumu vya mwaka. Sababu moja ni kwamba bila mwisho wa usajili, mwenye fedha angeweza kununua wachezaji siku za mwisho na kuipindua kazi ya mwaka mzima ya wengine. Mpaka uliotangazwa mapema humlinda mnyonge.

Shuleni iko sababu nyingine. Kijana asiyekuwa na mazoezi huumia upesi, na humwumiza mwenzake pia, kwa kuwa mguu uliochoka hufika kwenye mpira baada ya wakati. Kumrusha uwanjani siku ya tatu si kumpenda.

5. Shauri letu

Kwa hayo yote, twaona yafaa shule zifuate kanuni hizi nne.

Kwanza, mazoezi yawe wazi kwa kila mwanafunzi wa shule, siku yoyote afikayo. Hapo ndipo mfano wa shamba la mizabibu unapofaa bila kupunguza: nafasi ya kukimbia, kufundishwa na kuitwa mwenzetu haimpunguzii mtu yeyote kitu.

Pili, siku ya kufunga orodha ya wachezaji wa mashindano itangazwe mwanzoni mwa muhula, na ibandikwe ukutani. Ikifika, isisogezwe kwa ajili ya mtoto wa mkubwa wala kwa ajili ya mfungaji hodari.

Tatu, kabla ya siku hiyo, aliyechelewa kwa sababu ya haki apimwe pamoja na wengine, mbele ya wote, kwa kipimo kimoja. Akimshinda mwenye namba, aichukue. Huyo hakunyang'anya. Lakini mahudhurio na bidii vihesabiwe pia, si miguu peke yake.

Nne, orodha ikiisha kufungwa, asiondolewe mtu ili kumpisha mgeni. Nafasi ikiwa wazi kwa ugonjwa au kuhama, na kanuni za mashindano zikiruhusu, mgeni aijaze kwa furaha ya wote, kama Denmark.

6. Neno kwa kila mmoja

Wewe uliyetangulia, jipime moyo. Ukinung'unika kwa kuwa umenyimwa kilichoahidiwa, sema kwa adabu, maana haki yako ni haki. Lakini ukinung'unika kwa kuwa mwenzako naye ameokota dinari, na yako ungali nayo mkononi, ugonjwa uko kwako.

Wewe uliyechelewa, kubali benchi. Beba mipira, piga chokaa, shangilia. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, na baadaye Paulo alikataa kumchukua tena. Barnaba akamchukua. Miaka ikapita, na Paulo mwenyewe akaagiza aletwe kwa kuwa alikuwa wa kufaa. Kurudi kuliwezekana, lakini kulipitia kazi.

Nanyi walimu na wazazi, kijana aliyeachwa aambiwe sababu uso kwa uso. Asilione jina lake limekosekana ubaoni, akabaki kukisia. Hata hukumu ya haki huumiza ikitolewa kwa kimya.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Soma tena Mathayo 20:1–16. Ni kitu gani hasa wafanyakazi wa kwanza walikilalamikia: mshahara wao au mshahara wa wenzao?
2. Katika shule au kwaya yetu, ni nafasi zipi zinazoweza kugawiwa bila kumpunguzia mtu, na zipi haziwezi?
3. Kijana amekosa mazoezi ya miezi miwili kwa kumwuguza mama yake. Orodha imefungwa jana. Mngefanya nini, na mngemwambia nini?
4. Soma Matendo 15:36–41 na 2 Timotheo 4:11. Kati ya Paulo na Barnaba, ni nani aliyekuwa na haki siku ile? Je, yawezekana wote wawili?