Udongo au Haidroponiki? Amua Kabla Hujanunua Ndoo

Umeona video ya mtu akivuna saladi kwenye mabomba meupe, na wewe unataka yako. Sawa. Ila kabla hujatoa pesa, jiulize: unakula mboga gani, maji yako yakoje, na ukisafiri nani anabaki nyumbani?

Anza na sahani. Ukipenda saladi, mnanaa, mrehani au chainizi, haidroponiki, yaani kupanda kwenye maji yenye mbolea bila udongo, inakufaa. Ni mboga nyepesi, za muda mfupi. Mchicha, matembele, bamia na nyanya, baki na udongo. Mbegu za mchicha unazimwaga tu kwenye tuta, wiki 3 au 4 unang'oa mboga. Matembele unachomeka kipande cha shina, basi. Ya nini kuzinunulia pampu?

Kisha onja maji. Visima vingi Dar es Salaam vina chumvi, na kwenye haidroponiki chumvi hiyo inajumlishwa na ya mbolea. Maji yakipungua, ukali unazidi na majani yanaungua pembeni. Kama huna maji ya bomba yaliyo baridi ulimini, kinga ya mvua. Huna hata hayo? Panda udongoni, kwenye gunia linalopitisha maji vizuri.

Umeme nao usiusahau. Mfumo wa mabomba unategemea pampu, na umeme ukikatika saa saba mchana, mizizi haichukui muda kukauka. Kwa hiyo mabomba yasubiri. Anza na ndoo isiyo na pampu, mbinu aliyoieneza Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii.

Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Toboa mfuniko, pachika kikombe cha plastiki chenye matundu, weka mche ndani. Jaza maji yenye mbolea mpaka yaguse kitako cha kikombe. Mche unakunywa, maji yanashuka, na mizizi ya juu inabaki ikivuta hewa. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanaona maji yamepungua, wanajaza tena mpaka juu. Usifanye hivyo, utaizamisha mizizi inayopumua. Yakikaribia kuisha, ongeza kidogo tu.

Ndoo isipitishe mwanga, la sivyo maji yatageuka kijani. Ziba kila upenyo pia. Hatufugi mbu, na dengi tunaijua. Iweke kivulini wakati wa jua kali. Maji yakizidi nyuzi 25 oksijeni inapungua, na mizizi inaweza kuoza, ikawa ya kahawia yenye harufu. Saladi yenyewe haipendi joto: ipande Juni hadi Agosti. Ya Januari Dar hukimbilia kutoa maua na kuwa chungu.

Mbolea nunua ya haidroponiki, ile inayouzwa kwa sehemu mbili, A na B. Yeyusha A kwenye maji yote kwanza, koroga, ndipo utie B. Ukizichanganya zikiwa kali, kalsiamu inagandana na salfeti na fosfeti, na chakula cha mmea kinabaki chini kama chokaa. Pima pH iwe kati ya 5.5 na 6.5. Samadi na yurea zisiingie humo kabisa.

Udongo hauna masharti mengi. Changanya ndoo 2 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza na 1 ya makapi ya mpunga. Samadi mbichi inaunguza miche, isubiri. Ukitumia gunia, simamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike mpaka chini, kisha toboa ubavuni na upande pande zote. Ukichelewa kurudi kutoka kazini siku moja, halitakununia.

Ukiona mizizi ina vinundu, hao ni minyoo fundo. Usirudishie nyanya wala bamia kwenye udongo huo.

Bado unasitasita? Weka gunia moja la mchicha na ndoo moja ya saladi. Miche ya ndoo isie kwenye sponji. Ukiitoa kwenye udongo, ioshe mizizi taratibu kwanza. Saladi ikishiba, chuma majani ya nje, moyo uache uendelee.