Mvinyo Mzito wa Kifaransa Kibiti: Nyama Ndiyo, Kamba Hapana

Kama umebeba chupa ya mvinyo mwekundu mzito kutoka Ufaransa, tuseme Cahors au Madiran, ifungue Kibiti kabla hujaingia delta ya Rufiji. Kishawishi ni kuitunza mpaka jioni ya kamba na kaa koko huko Nyamisati au Salale. Usifanye hivyo, utaharibu vyote viwili.

Mvinyo mwekundu una madini ya chuma, na yakikutana na mafuta ya samaki au kamba huacha shombo mdomoni isiyoondoka upesi. Halafu kuna tanini, zile zinazoleta ukakasi, ulimi ukakaza kama umeuma bibo la mkorosho. Tanini hulainika zikipata mafuta ya nyama na chumvi. Kamba hana mafuta ya kutosha kuzituliza. Pilipili nayo, kwa kileo cha asilimia 13 au 14, inawasha maradufu. Ukiwa kwenye boti, tazama magome ya mikoko: yamejaa tanini pia, na enzi za Wajerumani yalisafirishwa kutoka delta ya Rufiji kwenda kutengenezea ngozi.

Kibiti iko kilomita zipatazo 140 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa. Ng'ombe wameongezeka sana upande huu tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, kwa hiyo nyama haikusumbui. Agiza mbavu za ng'ombe au mbuzi wa kuchoma, na mwambie mchomaji asiondoe mafuta. Chumvi aweke. Ndimu na pilipili akuletee kando, maana nyama iliyokamuliwa ndimu huufanya mvinyo upwaye. Ndizi za kuchoma zinafaa, ugali pia. Wali wa nazi uache kwa ajili ya safari ya deltani.

Vitabu vya Wafaransa husema mvinyo huu unywewe katika joto la chumba, lakini chumba chao kina nyuzi 16 hadi 18. Mchana wa Kibiti unaweza kupita 30, na mvinyo uliopata moto hivyo hunuka kileo kitupu. Tumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika 20 hivi. Kisha mimina mvinyo wote kwenye jagi safi na uuache upate hewa wakati nyama ikiiva.

Jaza glasi theluthi tu. Iinamishe juu ya kitu cheupe, hata karatasi: Cahors, ambao angalau asilimia 70 yake ni zabibu za Malbec, ni mweusi kiasi kwamba tangu zamani huitwa mvinyo mweusi. Zungusha, nusa, utapata zambarau zilizoiva kupita kiasi, pengine na tumbaku. Piga funda dogo, livute pamoja na hewa, lizungushe mpaka kwenye fizi. Ukakasi utakukaba. Sasa tafuna kipande cha nyama chenye mafuta, meza, kisha piga funda la pili. Tofauti ya mafunda hayo mawili ndiyo inayostahili gharama ya chupa.

Wenyeji wengi wa Kibiti na deltani ni Waislamu. Msalimie mwenye nyumba ya wageni, kisha uliza kama unaruhusiwa kunywa kwake, kabla hujaitoa chupa. Akikataa, mshukuru na uirudishe kwenye begi. Mwezi wa Ramadhani usiitoe kabisa, na wakati wowote usinywe gatini wala mbele ya watoto.

Kwenda deltani, kata kushoto Bungu kabla hujafika Kibiti, au rudi hapo ukishakula, ufuate barabara ya Nyamisati. Uliza saa ya maji kujaa, maana boti haziendi kwa ratiba yako. Kamba na kaa wa huko wanataka dafu. Ukitaka mvinyo lazima, nunua Dar mweupe mkavu wa Dodoma, mkoa unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na uubebe kwenye kasha la barafu. Hapo ndimu ikamulie upendavyo.

Chupa tupu rudi nazo mjini. Wavuvi wa kaa hupita kwenye matope ya mikoko miguu mitupu.