Kidonge cha Uzazi wa Majira kwa Wanaume

Kijijini kwako ni nani wanaotumia vidonge vya majira? Ni akina mama. Baba anayetaka kupanga uzazi ana njia mbili za kisasa: kutumia kondomu au kufungwa mirija ya mbegu. Akishafungwa mirija, ni vigumu kuzaa tena. Kwa hiyo mzigo mkubwa huachiwa mama.

Wataalamu wanatafuta kidonge cha wanaume. Je, wanakitafutaje?

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno. Ndani ya chembe mna maagizo yanayoitwa jeni. Mtoto hurithi jeni kwa baba na mama yake. Kila jeni ina kazi yake.

Jeni moja inaitwa STK33. Huagiza protini inayosaidia kutengeneza mbegu za kiume katika korodani. Wako wanaume waliozaliwa na kasoro katika jeni hiyo. Mbegu zao haziogelei vizuri, wala hazilifikii yai la mama. Hawapati watoto, lakini miili yao ni mizima.

Wataalamu wakajiuliza: je, tukiizuia protini hiyo kwa muda tu?

Mwaka 2024 wataalamu wa Chuo cha Tiba cha Baylor, mjini Houston, Marekani, walitangaza matokeo. Waliwapa panya madume dawa ya kuizuia protini hiyo. Madume waliwapanda majike, lakini majike hawakushika mimba. Dawa ilipoachwa, madume waliweza kuzalisha tena. Korodani zao hazikusinyaa.

Lakini panya si mtu. Kabla watu hawajaruhusiwa kutumia dawa hiyo, ni lazima ijaribiwe kwa uangalifu ili madhara yake yajulikane. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia kidonge cha wanaume cha kuzuia mimba, usinunue. Mwulize mganga wa zahanati.

Baba, usingoje kidonge. Fuatana na mama kliniki. Shaurianeni idadi ya watoto na nafasi kati yao. Kumbuka pia kwamba kondomu hukinga magonjwa ya zinaa. Kidonge hakikingi.

Maswali ya kujadiliana
1. Jeni ni nini?
2. Kwa nini dawa hujaribiwa kwanza kwa wanyama?
3. Katika kijiji chenu, akina baba wanashirikije kupanga uzazi?