Honi Kubwa kwa Gari Dogo

Swali: Msomaji wa Kangemi anayeingia mjini kwa Waiyaki Way anasema honi ya gari lake dogo haisikiki kando ya matatu. Je, abadilishe?

Jibu: Kwanza aipime ile aliyo nayo. Fundi aweke mita kwenye waya za honi huku ikipigwa. Kwenye betri ya volti 12, ikisoma 9 au 10, huenda tatizo ni waya au ethi iliyoshika kutu kwenye bodi. Kusugua kutu na kukaza nati huenda kukairudishia honi sauti yake.

Ikiwa bado ni hafifu, jozi ya honi za umeme zenye umbo la konokono, moja ya sauti nene na nyingine nyembamba, inatosha. Maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road huziuza. Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa huweka honi ya gari kati ya desibeli 105 na 118 kwa umbali wa mita 2. Hakuna haja ya kupita hapo.

Jozi hula umeme mwingi kuliko honi moja, kwa hiyo rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ni lazima. Waya mnene utoke kwenye betri, upitie fyuzi iliyo karibu nayo, uingie pini ya 30 ya rilei na kutokea 87 kwenda kwenye honi. Waya za honi ya zamani ziende 85 na 86. Bila rilei, swichi ya usukani huenda ikaungua.

Honi ya upepo ya lori aiache. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinakataza kelele kubwa isiyo ya lazima, na watembea kwa miguu wa Westlands wako karibu mno na barabara.